Mzee Anaposahau: Kalsiamu, Ubongo na Ugonjwa wa Alzheimer

Mwezi huu tumeona tuongee juu ya jambo ambalo nyumba nyingi za kambini zinalijua, lakini linasemwa kwa sauti ndogo: mzee anayesahau.

Hatusemi kusahau kwa kawaida, kama kutafuta ufunguo huku umeushika mkononi. Tunasema yule mzee aliyekula sasa hivi na bado analalamika hajapewa chakula. Anauliza swali lile lile mara tano. Anatoka kwenda bombani, anajikuta zoni nyingine, hajui arudi vipi. Usiku anafunga nguo zake kwenye kitenge anasema lori limefika, twendeni Uvira. Mtoto aliyemzaa mwenyewe anamuuliza: "Wewe ni nani?"

Majirani nao hawakosi la kusema. Wa kwanza anasema ni mawazo ya vita. Wa pili anasema ni uzee tu, hakuna la kufanya. Wa tatu anainama sikioni: huyu bibi karogwa, au yeye mwenyewe ndiye mchawi. Na siku hizi limeingia neno la nne: eti ni kalsiamu ya ubongo imeharibika, basi anunuliwe vidonge.

Neno hilo la nne ndilo tulilolishika mwezi huu, kwa sababu ndani yake kuna ukweli na kuna hatari. Ukweli ni kwamba kalsiamu ina kazi kubwa katika ugonjwa wa kusahau. Hatari ni kudhani kwamba kalsiamu hiyo ni ile ya kwenye kidonge au kwenye dagaa. Tutakwenda polepole, mpaka tuelewane.

UGONJWA WENYE JINA

Kupotewa na akili na kumbukumbu kwa namna hii, waganga wa hospitali wanakuita demensia. Demensia siyo ugonjwa mmoja, ni kama tunavyosema "homa": homa inaweza kuletwa na malaria au na kitu kingine. Demensia iliyo nyingi kuliko zote inaletwa na ugonjwa wa Alzheimer. Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya milioni 55 duniani wana demensia, na zaidi ya nusu yao wanaishi katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati. Kwa hiyo siyo ugonjwa wa wazungu peke yao, kama wengine wanavyosema.

Jina lilitoka kwa daktari Mjerumani, Alois Alzheimer. Mwaka 1901, katika hospitali moja ya mji wa Frankfurt, alimpokea mama wa miaka 51 aliyekuwa anasahau, anamwonea mumewe wivu bila sababu na kupotea ndani ya nyumba yake. Mama yule alifariki mwaka 1906. Daktari akachunguza ubongo wake kwa hadubini, akaona mambo mawili: uchafu ulioganda katikati ya seli, na nyuzi zilizojisokota ndani ya seli zenyewe. Leo tunajua uchafu ule ni protini inayoitwa amiloidi, na zile nyuzi ni protini inayoitwa tau. Hakuna jini lililoonekana pale. Ni ubongo uliokuwa unaugua, kama ini linavyougua au figo.

DRIPU YA RINGER NA MOYO WA CHURA

Sasa, kalsiamu inaingiaje hapa? Wengi wetu tunaijua kwa mifupa na meno. Ni kweli, sehemu 99 katika kila 100 za kalsiamu ya mwili ziko huko. Lakini ile sehemu moja iliyobaki, iliyo katika damu na katika seli, ndiyo inayofanya moyo upige, misuli ikaze na ubongo ukumbuke.

Aliyetufumbua macho ni daktari Mwingereza, Sydney Ringer. Jina lake mmeshaliona: liko kwenye chupa ya dripu inayotundikwa mgonjwa wa kipindupindu au wa kuharisha sana. Katika miaka ya 1882 na 1883, kule London, Ringer alikuwa anachunguza moyo wa chura uliotolewa mwilini na kuwekwa kwenye maji ya chumvi. Moyo uliendelea kupiga vizuri. Baadaye akagundua kwamba maji yale hayakuwa maji safi ya maabara, yalikuwa maji ya bomba ya mjini. Alipotumia maji yasiyo na kitu, moyo ukadhoofika. Kumbe maji ya bomba yalikuwa na kalsiamu! Alipoongeza kalsiamu kidogo, moyo ukaanza tena kupiga. Mpaka leo dripu ya Ringer ina kalsiamu ndani yake.

LANGO, MLINZI NA GHALA

Seli ya ubongo nayo inatumia kalsiamu kupeleka habari. Ili tuelewe, tufikirie siku ya mgao.

Nje ya uzio wa ghala watu wamejaa, ndani wapo wachache tu. Mlinzi anafungua lango kidogo, kikundi kinaingia, kinachukua mgao wake, kinatolewa, lango linafungwa. Kazi inakwenda.

Ndivyo ilivyo kwenye seli. Nje ya seli kalsiamu ni nyingi, karibu mara 10,000 kuliko ile iliyo huru ndani. Tofauti hiyo ndiyo siri ya kazi yote. Mtu anapojifunza jambo, kwa mfano mtoto anaposhika herufi mpya au wewe unapomtambua jirani aliyehamia jana, milango midogo kwenye seli inafunguka kwa nukta moja. Kalsiamu inaingia kidogo, na seli inasoma ule mwingio kama habari: "Hili ni la maana, likaze." Kiungo kati ya seli na seli kinapata nguvu. Hiyo ndiyo kumbukumbu.

Baada ya hapo kalsiamu lazima itolewe haraka. Kuna pampu zinazoisukuma nje, na kuna ghala ndani ya seli yenyewe ambako nyingine inawekwa akiba. Pampu hizi zinakula nguvu nyingi, na nguvu hiyo inatoka kwenye mitambo midogo ya seli inayoitwa mitokondria. Mitambo ikichoka, pampu nazo zinachoka.

LANGO LIKISHINDWA KUFUNGA

Miaka ya 1980, mtaalamu mmoja huko Marekani, Zaven Khachaturian, alitoa wazo: huenda uzee wa ubongo na ugonjwa wa Alzheimer vinahusiana na seli kushindwa kuitawala kalsiamu yake. Tangu hapo watafiti wengi wamelifuata wazo hilo, na mengi wameyaona.

Wameona kwamba amiloidi inaweza kuharibu ukuta wa seli na kuruhusu kalsiamu iingie bila mpango. Wameona ghala la ndani likimwaga akiba yake kupita kiasi. Kalsiamu ikizidi ndani, inawasha vimeng'enya ambavyo vilitakiwa vitulie. Baadhi vinaisukuma ile tau ijisokote. Mitokondria nazo zinajaribu kuimeza kalsiamu iliyozidi, zinavimbiwa, zinashindwa kutoa nguvu. Nguvu ikipungua, pampu zinalegea. Pampu zikilegea, kalsiamu inazidi tena. Mnaona jinsi mambo yanavyozunguka? Viungo kati ya seli vinakatika kwanza, halafu seli zenyewe zinakufa. Ni kama siku ya mgao ambayo lango limebaki wazi: watu wanasukumana, magunia yanapasuka, hakuna anayepata kitu.

Je, kalsiamu ndiyo inayoanzisha, au inavurugika baada ya ugonjwa kuanza? Hapo wataalamu bado wanabishana, ni kuku na yai. Wengi wanaona kwamba mambo haya yanasukumana: amiloidi inavuruga kalsiamu, na kalsiamu iliyovurugika inaongeza amiloidi.

FAMILIA ZA ANTIOQUIA

Ushahidi mkubwa umetoka mbali na kwetu, katika milima ya Antioquia nchini Kolombia. Nao ni watu walioonja vita vya wenyewe kwa wenyewe na kukimbia makwao. Huko kuna ukoo mkubwa sana, wa watu wapatao 6,000, ambao baadhi yao wanaanza kupoteza kumbukumbu wakiwa na miaka kama 45 tu. Watu wa huko walikuwa na maelezo yao: wengine walisema ni uchawi, wengine ni laana, wengine ni kwa kugusa mti fulani.

Kuanzia miaka ya 1980, daktari Francisco Lopera wa mji wa Medellín alikwenda nyumba kwa nyumba, akiandika nani alizaliwa na nani na nani aliugua lini. Aliendelea na kazi hiyo mpaka alipofariki mwaka 2024. Ilionekana kwamba ugonjwa unarithiwa kwa kasoro moja ndogo katika jeni inayotengeneza protini iitwayo presenilini. Jeni hiyo iligunduliwa mwaka 1995. Na presenilini inakaa wapi? Inakaa kwenye ukuta wa lile ghala la kalsiamu ndani ya seli. Kasoro zake huongeza amiloidi mbaya, na katika majaribio mengi ya maabara zimeonekana pia kuvuruga utokaji wa kalsiamu ghalani.

Hatusemi kwamba babu yenu ana ugonjwa huo wa kurithi. Ni wagonjwa wachache sana duniani wanaourithi kwa njia hiyo. Tunachosema ni hiki: ukoo mzima ulidhaniwa umelaaniwa, na kumbe ilikuwa kasoro ndogo ndani ya seli. Wale waliotuhumiwa hawakuwa na kosa lolote.

VIDONGE NA CHAKULA

Turudi kwenye swali la vidonge. Mwingine anasema mzee apewe kalsiamu kwa sababu imepungua. Mwingine anasema anyimwe maziwa na dagaa kwa sababu kalsiamu imezidi. Wote wawili wanakosea, na sababu ni moja.

Kalsiamu ya damu ina mlinzi wake. Shingoni kuna tezi ndogo, kwa kawaida nne, kila moja kama punje ya mchele. Kazi yake ni kupima kalsiamu ya damu. Ikipungua, zinaazima kutoka kwenye mifupa. Ikizidi, zinapunguza kazi yake na figo zinaitoa kwenye mkojo. Kwa hiyo ukila dagaa leo, kalsiamu yake haiendi moja kwa moja kumiminika kwenye seli za ubongo. Shida ya Alzheimer haiko kwenye sahani, iko kwenye milango na pampu za seli. Kidonge hakitengenezi lango lililoharibika, na kumnyima mzee dagaa hakulitengenezi pia. Kutamfanya adhoofike na mifupa yake ivunjike akianguka.

Basi mzee ale. Mgao tunaujua jinsi ulivyo, lakini panapopatikana dagaa, maharage, mboga za majani au maziwa, naye apate. Na fedha yenu msimpe mtu anayepitisha vidonge mtaani akisema vinarudisha kumbukumbu. Kidonge cha kalsiamu akiandika daktari kwa ajili ya mifupa au kwa mama mjamzito, hilo ni jambo lingine, mfuate alivyosema.

DAWA ZIPO?

Dawa ya kuponya Alzheimer haipo mpaka sasa. Zipo za kupunguza makali kwa muda. Moja inaitwa memantini, iliyoruhusiwa Ulaya mwaka 2002 na Marekani mwaka 2003. Inaziba kwa kiasi milango inayopitisha kalsiamu kwenye seli za ubongo, na baadhi ya wagonjwa wanapata nafuu kidogo. Marekani imeruhusu pia dawa mpya za dripu zinazoondoa amiloidi. Zinachelewesha ugonjwa kidogo kwa walio mwanzoni, lakini ni za bei kubwa sana na zinahitaji picha za ubongo mara kwa mara kwa sababu zinaweza kuleta uvimbe au damu ndani ya ubongo.

Kuna jaribio moja tunataka mlijue. Zipo dawa za presha zinazofanya kazi kwa kuzuia kalsiamu isiingie kwa wingi kwenye misuli ya mishipa ya damu. Mishipa inalegea, presha inashuka. Nifedipini na amlodipini ziko kwenye kundi hilo, na wazee wetu wengi wanazimeza. Watafiti wa Ulaya walichukua dawa ya kundi hilo, nilvadipini, wakaijaribu kwa wagonjwa 511 wa Alzheimer. Matokeo yalitoka mwaka 2018: haikuzuia ugonjwa kuendelea. Kwa hiyo msimgawie mzee anayesahau dawa ya presha ya jirani. Inaweza kumwangusha. Lakini aliyeandikiwa dawa ya presha asiiache hata kidogo, kwa sababu presha ya juu yenyewe inaumiza ubongo.

SIYO KILA ANAYECHANGANYIKIWA ANA ALZHEIMER

Hili ni la kushika sana. Alzheimer inakuja polepole, kwa miezi na miaka. Mzee aliyekuwa mzima juzi na leo anaweweseka, huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Inaweza kuwa malaria, nimonia, ugonjwa wa njia ya mkojo, sukari iliyoshuka, kukosa maji mwilini au kiharusi. Hata kalsiamu ya damu ikizidi sana au ikipungua sana kwa sababu ya ugonjwa wa zile tezi, wa figo au mwingine, mtu anaweza kuchanganyikiwa. Hiyo inapimwa kwa damu na inatibika. Kuna pia huzuni nzito, upungufu wa vitamini B12 na ugonjwa wa tezi kubwa ya shingo. Vyote hivi vinaweza kufanana na demensia, na vingi vina tiba. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Anayekimbilia kusema "karogwa" anaweza kumwacha mzazi wake afe kwa malaria.

NYUMBANI TUFANYE NINI?

1. Tusibishane naye. Akisema lori limefika, usimwambie "Uvira ilishakwisha, wewe umepotea." Mambo mapya ndiyo yanayofutika kwanza, ya zamani yanabaki muda mrefu. Kwake yeye Uvira ni ya jana. Mkalishe, muulize habari za shamba lake la huko, mpe maji ya kunywa. Atatulia.

2. Tumlinde asipotee. Mshoneeni kwenye nguo jina la zoni, kijiji na namba ya nyumba. Waambieni majirani na mwenyekiti wa kijiji. Jiko la kuni lisiachwe linawaka akiwa peke yake.

3. Mgao na karatasi. Kama hawezi tena kwenda mwenyewe, ulizeni mapema namna ya kuandikisha mtu wa kumchukulia. Na kama ana mahojiano ofisini, msisubiri aingie na kuchanganya miaka na majina, aonekane anadanganya. Ombeni karatasi ya daktari inayoeleza hali yake, na mwambieni ofisa kabla maswali hayajaanza.

4. Tugawane kazi. Mara nyingi mzigo wote unaangukia mkwe mmoja au binti anayeachishwa shule. Siyo haki. Wana wa kiume nao wana mikono. Hata saa mbili za kumpumzisha mama anayelea mgonjwa zinasaidia.

5. Tusimwite mchawi, wala tusimruhusu mtu amguse. Kumpiga au kumfunga kamba mzee ni kosa la jinai. Likitokea, toeni taarifa polisi na kwa wahusika wa ulinzi wa kambi.

Na sisi ambao bado tuna kumbukumbu zetu? Mwaka 2024 jopo la wataalamu liliandika katika jarida la tiba la The Lancet kwamba karibu demensia 45 katika kila 100 zingeweza kuzuilika au kucheleweshwa kama mambo 14 yangeshughulikiwa. Mengine yako mbali na uwezo wetu, lakini mengine tunayaweza: kupima presha na sukari, kuacha sigara na pombe kali, kutembea, kutibu masikio yasiyosikia, kutomwacha mzee akae peke yake kutwa nzima, na kuwaacha watoto wasome. Ndiyo, shule ya mtoto wa leo ni kinga ya ubongo wake wa uzeeni.

Ndugu zetu, wazee hawa ndio waliotubeba mgongoni tulipovuka ziwa na mipaka. Wao ndio walioshika majina ya vijiji vyetu, mipaka ya mashamba na nani ni ndugu wa nani. Waandikeni mambo hayo mapema, wakiwa bado wanayasema. Na siku wakiyasahau, tuwashikie sisi. Tarehe 21 Septemba kila mwaka ni siku ya dunia ya kukumbuka ugonjwa huu, msiingoje. Mwenye mzee anayesahau aende naye zahanati wiki hii, amweleze mhudumu hali ilianza lini na ilianza vipi.